Maji ya Kwanza ya Mfereji wa Kisangeni

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana wapo waliochimba ambao viuno vyao bado vinauma, kijiji cha Kisangeni huko milimani Upare kilikuwa na mfereji uliokufa. Maporomoko ya udongo yaliukata, watu wakauacha, miti ikaota ndani yake, miaka thelathini ikapita. Kisha ukaja mwaka wa pili wa ukame. Mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele, na kila mkulima anajua kwamba hapo yakikosa maji, utavuna mabua.

Wakaitana kwa msaragambo, ile kazi ya wote isiyo na ujira. Kila nyumba ikatoa jembe. Lakini njia ya mfereji aliijua mtu mmoja tu, Mrutu, ambaye babu yake aliupima kwa kutazama maji yanavyotiririka kwenye gome la mgomba. Naye Mrutu alikuwa kitandani, kifua kimemkamata. Basi kila jioni mkewe, Nakijwa, alimweleza wachimbaji walipofika, na kila asubuhi alipanda mlima na jembe lake akileta neno. Mrutu anasema pitieni juu ya mkuyu. Wanapita juu ya mkuyu. Mrutu anasema kateni kushoto. Wanakata kushoto. Na kila walipochimba walikuta mawe ya kingo yaliyopangwa na babu zao.

Sasa nisikilizeni vizuri, na wewe unayepiga miayo. Kisangeni wana desturi: mtu akifa, majembe hulazwa chini siku nne, na hakichimbwi kitu ila kaburi. Na wazee walikwisha kuyatazama mahindi wakasema yana wiki moja, haizidi.

Mrutu akafa. Alikufa asubuhi, mkewe akimnywesha uji. Neno lake la mwisho lilikuwa hili: "Mke wangu, usilie. Wakisikia kilio watalaza majembe."

Jamani, miaka arobaini na mitano ya ndoa, na mume amefia mikononi mwake. Nakijwa akajiziba mdomo kwa kanga. Akapanda mlimani, akachimba kipande chake. Mchana aliaga kwamba anakwenda kumlisha mgonjwa, kumbe anachimba kaburi nyuma ya migomba, peke yake, kwa jembe lilelile la msaragambo. Mchana wa pili kaburi likamfika kiunoni, nguvu zikamwishia. Akamvuta mumewe kwa mkeka, akamzika bila mtu wa kumshikia upande wa pili. Kisha akarudi kazini.

Mrutu alikuwa na mdogo wake, Kangero, ambaye ndiye aliyeongoza nyimbo za kazi. Siku ya kwanza akauliza, "Shemeji, kaka ameamkaje?" Nakijwa akajibu, "Anakusalimu." Kangero akampa ndizi mbivu ampelekee, naye akazipokea. Siku ya pili, "Shemeji, kaka ameamkaje?" "Anakusalimu." Akampa asali, akaipokea. Siku ya tatu Kangero akataka kwenda kumwona. Nakijwa akamwambia kifua cha mgonjwa hakitaki maneno, amalize kazi kwanza. Kangero akarudi kuimba.

Siku ya nne wakafika kwenye jabali. Wapite chini yake au walivunje? Njia ya mpaka hapo Mrutu alikuwa ameshamweleza mkewe, lakini hilo la jabali alikufa kabla ya kulisema. Senzia, mwashi wa kijiji, akauliza mzee ameagiza nini, na watu wote wakamgeukia Nakijwa. Angesema nini? Akasema, "Anasema vunjeni."

Senzia akawasha moto juu ya jabali, akalimwagia maji, akapiga nyundo siku mbili. Jabali likapasuka, likaondoka na vidole vitatu vya mkono wake wa kulia.

Siku ya sita maji yakaja, machafu, yamebeba majani makavu na vyura. Wanawake wakapiga vigelegele. Katikati ya vigelegele ikasikika sauti nyingine, wakadhani nayo ni ya furaha, mpaka walipomwona Nakijwa ameketi chini, kanga imemtoka kichwani. "Mrutu wangu amekufa," alisema. "Leo ana siku sita."

Wakayazuia maji kwa magogo ya migomba, maana ipo desturi nyingine: maji ya kwanza ya mfereji hayagawanywi. Siku nzima ni ya mtu mmoja, yule aliyeutolea mfereji kikubwa kuliko wote, naye huyapeleka atakako. Na kwa jua lile, shamba litakalokosa leo halina hakika ya kesho.

Nakijwa akasema, "Nilimeza kilio changu ili ninyi mle. Nimebaki peke yangu. Nipeni ninyweshee shamba la Mrutu, alilipanda mwenyewe huku akikohoa."

Senzia akainua mkono wake uliofungwa vitambaa. Watu walikuwa wameshayaona mawe ya kingo za zamani: yalipita chini ya jabali. "Vidole vyangu vimekwenda kwa neno ambalo mzee hakulisema," alisema. "Mkono huu haushiki nyundo tena. Nimebakiwa na shamba tu."

Kangero alisema wa mwisho, na hakuwa analia, jambo lililowaumiza watu zaidi. "Nimeimba siku sita, ndugu yangu yuko chini ya udongo. Sikumwosha, sikumtilia hata konzi ya mchanga. Njia hii ni yake, na maji ni yake. Yapite mashamba yote yaende kaburini kwake, na majembe yalazwe siku nne, azikwe kama mtu."

"Shemeji, hilo ndilo alilolikataa," Nakijwa akamwambia.

"Alikuambia wewe. Mimi hakuniambia."

Kijiji kikagawanyika, mke huku na mume kule. Jua likazidi kupanda, mahindi yakakunja majani. Mimi nimewahi kuwa upande wa kila mmoja wao, na kila upande niliona aibu mbele ya wawili waliobaki. Haya, ninyi mlioketi raha hapa, simameni penye yale magogo mtazamane nao watatu. Mngemfungulia nani? Nani alistahili maji yale?