Mwonjaji Mkuu Mwenye Mashavu Mawili

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mna matonge mdomoni? Tena kwa nguvu. Paukwa!

PAKAWA!

Haya, sasa mko hai. Tulieni. Hadithi hii hakuna anayeijua kama mimi, na anayeijua aliisikia kwangu. Nyinyi mnaomeza chapati bila kutafuna, mkidhani zinaota kwenye kaango, leo ni zamu yenu.

Hapo zamani za kale palikuwa na Mama Kwale. Mdogo, miguu vijiti, lakini jembe analijua. Alipanda ngano mlimani. Akapalilia. Akaamia ndege wasiile, na yeye mwenyewe ndege!

Ya nini kujitesa hivyo? Bintiye, Siwema, alikuwa amepata mchumba katika ukoo wa Kanga. Na akina Kanga mnawajua: madoa mengi, maringo zaidi. Walileta neno: "Tukija kuposa tunataka chapati. Tukikuta ugali, tunageuza." Na Siwema alimpenda kijana huyo wa Kanga mpaka akikohoa anakohoa jina lake. Na Mama Kwale alikuwa na shamba moja tu.

Sasa, mji ule ulikuwa na ada yake. Ngano haiendi kinuni mpaka ionjwe na Mwonjaji Mkuu. Aitie mdomoni, aitafune, atamke mbele ya watu: "Imepita." Na ada ilisema wazi: asimeze. Kuonja si kula.

Mwonjaji Mkuu alikuwa nani? Nyani! Mnyama mwenye mashavu kama mifuko ya koti, ndiye aliyepewa kazi ya kuonja. Na walimchagua wenyewe, kwa vigelegele. Msicheke. Nyinyi hamjawahi?

Mama Kwale akavuna, shwa! shwa! Akapura, pu! pu! Akapepeta, chwee! chwee! Kumvi zikaruka, punje zikabaki. Akajitwika gunia mpaka kwa Nyani.

"Hodi, mzee."

"Karibu, mama. Weka hapo. Niko kazini." Alikuwa anajikuna.

Nyani akachota konzi, akatia shavu la kulia. "Mmh. Sijaielewa." Akachota nyingine, shavu la kushoto. "Ya juu haifanani na ya chini, mama." Akachota, akachota, mashavu yakavimba. Kisha akaenda nyuma ya mwamba. Akarudi, mashavu yamenywea.

"Mzee, umemeza?"

"Mimi? Nimeihifadhi kwa uchunguzi. Njoo kesho."

Kesho yake, vilevile. Keshokutwa, vilevile. Gunia likalegea kama soksi ya babu.

Ngiri, jirani yake Mama Kwale, akamwambia, "Nyamaza tu, dada. Mimi langu alilionja mpaka gunia likabaki gunia. Ndiyo ada."

"Ada gani? Ada inasema atafune. Umewahi kumwona akitafuna?"

Ngiri akakuna pembe ya jino lake. Hajawahi. Hakuna aliyewahi.

Siku ya posa ikafika. Siwema analia, "Mama, akina Kanga wako njiani, na unga hatuna!" Mama Kwale akajitwika gunia lake lililolegea mpaka kwa Nyani, akapanda juu ya kichuguu, akaita kwa sauti yote aliyonayo: "Jamani! Njooni mwone Mwonjaji Mkuu akifanya kazi!"

Wakaja wote. Nyani kuona umati, kifua mbele. Akajaza shavu la kulia, akajaza la kushoto, akageuka kwenda mwambani. Mama Kwale huyo mbele yake.

"Wapi, mzee? Ada ni kutafuna. Tafuna, watu wakuone."

"Tafuna!" akasema Ngiri.

"Tafuna! Tafuna!" wakaitikia wote.

Nyani afanyeje? Akatafuna. Kacha, kacha, kacha. Na aliyekulia kwenye ngano anajua: ukitafuna punje mbichi usimeze, zinageuka ulimbo. Nyani hakujua. Tangu apewe cheo hajawahi kutafuna hata punje moja! Kacha, kacha. Nyata, nyata. Nyaaa. Meno ya juu yakashikana na ya chini, kwisha habari.

"Imepita, mzee?" akauliza Mama Kwale.

"Mmm!" Nyani akatoa macho.

"Kasema nini?" wakauliza watu.

"Kasema tamu!" akajibu Ngiri.

"Imepitaaa!" wakaitikia wote.

Ngiri huyo nyuma ya mwamba, akarudi na mtungi aliouficha Nyani, umejaa punje hadi shingoni. Mbio kinuni, gurrr! Unga huo, mweupe. Siwema akakanda, akasukuma, akatia mafuta, tsss! Akina Kanga kufika, chapati zimerundikana, zinatoa mvuke. Wakala, wakasahau maringo, wakalamba vidole. Posa ikakubaliwa pale pale.

Na Nyani? Alikuja karamuni pia. Wakubwa hawakosi karamu! Akakaa mbele kabisa, taya zimegandana, mate yanamtoka. Mama Kwale akamletea sahani kwa heshima zote.

"Karibu chapati, mzee."

"Mmm! Mmm!"

"Kasema ameshiba. Mpitishieni Ngiri."

Basi, mkubwa na mdogo, shikeni hili: aliyepewa kuonja na aonje, anayegeuza mdomo wake ghala la jasho la wenzake, siku ya karamu hautafunguka. Na wewe mkulima, ada ukiifuata, hakikisha na mkubwa anaifuata.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye sahani ya Ngiri. Na wewe uliyekaa kimya hapo nyuma, sema, au na wewe umeonja?