Wageni wa Ngedere

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmeitikia midomo imejaa karanga. Haya, tafuneni, ila masikio nipeni mimi.

Zamani, zile za kale kabisa, wanyama walikuwa na gulio lao kila Jumamosi, kando ya kisima. Kila muuzaji alitoa ushuru, kibuyu kimoja cha kile anachouza. Ushuru huo ndio uliomlisha Mhanga, aliyechimba kisima na kukizibua kila kilipoziba. Hata Konokono alilipa, ingawa wake ulifika Jumanne.

Sasa alikuwepo Ngedere. Huyu alipika maharage, jamani, mpaka leo nikiyataja mate yananijaa. Aliyapika katika chungu kikubwa alichoachiwa na marehemu mama yake, na hakuna kitu duniani alichokipenda kama chungu kile. Wateja walikaa kwenye magogo mbele ya kibanda chake, wakala, wakalipa mahindi au asali. Maji ya kupikia aliteka wapi? Kisimani. Na ushuru? Thubutu!

Jumamosi ya kwanza akaja karani wa ushuru, Bi Kanga, nadhifu, daftari chini ya bawa. Akasalimia, akaomba kibuyu. Ngedere akashangaa kana kwamba ameombwa mkia.

"Ushuru wa nini, Bi Kanga? Hapa hapauzwi kitu. Hapa ni kwangu, na hawa ni wageni wangu."

Bi Kanga akawatazama wageni, kumi na wanne, kila mmoja na hindi lake mkononi. Akaandika: Ngedere hana biashara. Akaenda zake.

Jumamosi ya pili akaja tena. Hapa hapauzwi kitu, hapa ni kwangu, na hawa ni wageni wangu. Akaandika.

Jumamosi ya tatu akaja na wino. Akamwambia Ngedere kwa upole kwamba akitoa kibuyu siku hiyo, yote yaliyoandikwa yatafutwa, na akikataa, aweke dole gumba. Ngedere akaweka dole gumba, huku anacheka. Hapa hapauzwi kitu, hapa ni kwangu, na hawa ni wageni wangu. Wateja wote wakacheka naye, isipokuwa Ngiri. Ngiri alikuwa anasikiliza.

Jumamosi ya nne Ngiri akaja na mkewe na watoto tisa. Wakapiga magoti, maana ngiri ndivyo wanavyokula, wakala mpaka chungu kikabaki cheupe. Kisha Ngiri akafuta mdomo, akamwombea mwenyeji baraka, akaanza kuondoka. Ngedere akamrukia, akamshika mkia, akadai malipo.

"Malipo ya nini, mwenyeji wangu?" Ngiri akauliza. "Hapa hapauzwi kitu. Hapa ni kwako, na sisi ni wageni wako."

Basi Ngedere akaenda kushtaki barazani kwa Hakimu Korongo, aliyesikiliza kesi kwa mguu mmoja. Korongo akaagiza daftari, akasoma, akaliona dole gumba. Akabadilisha mguu.

"Chagua mwenyewe, Ngedere. Ukisema pale ni pa biashara, Ngiri atakulipa leo, nawe utalipa ushuru wote wa nyuma na faini mara mbili yake. Ukisema ni nyumbani, hakuna atakayekudai kitu."

Ngedere akahesabu kwa vidole, vikaisha, akaendelea kwa mkia. Ghala lake lilikuwa limejaa maharage. Angelipa asubuhi ile na kufikia mchana angekuwa anapika. Lakini roho ikamuuma, akasema ni nyumbani. Akatoka barazani anatembea kwa maringo, kwa sababu alimshinda karani.

Akafika kwake, akakuta foleni. Pundamilia na bakuli, Nungunungu na bakuli, ukoo wa Ngiri wote, hata binamu wa ng'ambo ya mto. Hodi, tumekuja kukutembelea. Jumamosi iliyofuata, hodi, tumekuja kukutembelea. Na iliyofuata, hodi. Angewafukuzaje wageni, na hakimu kashaandika kwamba pale ni nyumbani?

Ghala likaisha. Ngedere akamwendea Bi Kanga na kibuyu cha maharage ya mwisho, akalia kabisa, akamsihi aupokee ushuru.

"Siwezi kumtoza mtu asiye na biashara," Bi Kanga akasema. "Kaseme kwanza ukweli barazani."

Akausema. Korongo akamshukuru, akamtajia deni na faini, akampa siku saba. Siku saba zikapita, ghala tupu. Kibanda kikafungwa kufuli, chungu cha mama kikapigwa mnada, na Ngedere alisimama pale akiona kinavyobebwa. Aliyekinunua ni Ngiri.

Jumamosi moja Ngedere akapita gulioni na njaa yake. Harufu ya maharage ilikuwa ileile. Akakaa kwenye gogo, akasema taratibu kwamba amekuja kutembea tu.

Ngiri akamwonyesha risiti ya Bi Kanga iliyobandikwa kwenye ukuta wa kibanda chake. "Karibu sana, ndugu yangu. Lakini hapa panauzwa."

Yangu imekomea hapo, inukeni mkalale. Ila nyie wa nyuma, hizo karanga ni za kibiashara, na risiti yangu ya ushuru ile pale mlangoni. Mtalipa mkitoka.