Nakijwa na Sauti ya Mboni

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni nisipaze sauti. Nikisema "kulikuwa", nyinyi mniitikie "kukawa". Kulikuwa!

Kukawa.

Leo asubuhi nimemsikia mmoja wenu akijitetea, "Ulikuwa utundu tu, bibi." Simtaji. Lakini neno hilo lina kisa chake, cha enzi zile ambazo mawe ya milima hii ya Upare yalikuwa bado yanakua.

Kulikuwa na msichana, jina lake Nakijwa. Mtundu huyo! Alitia chura ndani ya kibuyu cha mjomba wake. Alifunga mikia ya mbuzi wawili pamoja. Tena alikuwa na kipaji: aliweza kuiga sauti ya mtu yeyote. Aliita kwa sauti ya mzee wa kijiji, watu wakaja mbio na majembe yao. Mzee mwenyewe alicheka mpaka akajishika mbavu.

Jirani yao alikuwa Mama Mboni, mfinyanzi, mwanamke mzee aliyeishi peke yake. Binti yake wa pekee, Mboni, aliteremka tambarare mwaka wa njaa kubwa, vyungu kichwani, kwenda kuvibadilisha kwa mahindi. Hakurudi. Miaka saba, wanangu! Miaka saba mama yake hakumwekea matanga, kwa sababu hakuona kaburi.

Siku moja, jua likiwa kali, Nakijwa alipita akamwona Mama Mboni ameinamia udongo wake. Nakijwa alipokuwa mdogo, Mboni alikuwa akimbeba mgongoni, na sauti ya Mboni aliikumbuka vizuri. Hakufikiri. Alijificha nyuma ya migomba akaita:

"Mama! Mama wee, nimerudi!"

Chungu kikaanguka. Mama Mboni akakimbia, mikono imejaa udongo, akajikwaa, akaanguka, akainuka.

"Mboni? Uko wapi, mwanangu? Mboni!"

Nakijwa akatokea akicheka. Kisha akauona uso wa yule mama, na kicheko kikamkauka mdomoni.

"Kumbe ni wewe," alisema Mama Mboni.

"Bibi, ulikuwa utundu tu."

Mama Mboni aliingia ndani akafunga mlango. Siku ya kwanza hakutoka. Siku ya pili hakutoka. Majirani walipeleka chakula, kikarudi kilivyokwenda. Siku ya tatu Nakijwa alisogea mlangoni akatega sikio. Alimsikia Mama Mboni anamlilia binti yake kama anavyoliliwa maiti. Tumaini la miaka saba lilikuwa limekufa, na aliyeliua alikuwa amesimama pale nje.

Nakijwa akamwendea baba yake. "Baba, niruhusu nifuatane na wauza magadi mpaka tambarare."

"Unakwenda kutafuta nini?"

"Mtu, au kaburi."

Baba alimtazama, akaona hatanii. Akamruhusu.

Walikwenda, wakaenda, wakaenda. Kila gulio walilofika, Nakijwa alisimama katikati ya watu akasema kwa sauti ya Mboni, "Jamani, nani anamjua mtu anayeongea hivi?" Wengine walimcheka. Wengine walimwona mwendawazimu. Hakuacha. Gulio la kwanza, hakuna. La pili, hakuna. Gulio la tano, ng'ambo ya mto, muuza samaki akageuka ghafla.

"Mbona hiyo ni sauti ya mke wa ndugu yangu!"

Mboni alikuwa hai, ana mume na mtoto. Mwaka ule wa njaa aliambiwa kwamba kijijini kwao hakusalia mtu, akaamini, akamlilia mama yake. Walilia wote wawili, yeye na Nakijwa. Kesho yake wakaanza safari ya kurudi.

Walipofika, Mboni alisimama nje ya nyumba na mtoto mgongoni.

"Mama! Mama wee, nimerudi!"

Sauti ikatoka ndani, nyembamba, imechoka.

"Nakijwa, niache nife salama."

Mnasikia, wajukuu zangu? Mtoto amerudi kwa mama yake, na mama hafungui.

Mboni aliita tena. Mlango haukusogea. Ndipo Nakijwa akaja akasimama karibu naye.

"Bibi, mimi nina mdomo mmoja tu. Tusikilize."

Akaanza kuhesabu kwa sauti yake mwenyewe, moja, mbili, tatu, bila kupumzika. Na wakati huohuo Mboni akaita, "Mama! Mama!" Sauti mbili kwa pamoja.

Mlango ukafunguka.

Mama Mboni alikuwa amekonda, anashikilia ukuta. Aliupapasa uso wa binti yake, kisha wa mjukuu. Wakaingia ndani. Nakijwa alibaki uani. Hakuna aliyemwita, naye akarudi kwao.

Siku nyingi zikapita ndipo Mama Mboni akamwita.

"Umeniletea mwanangu, ahsante. Lakini zile siku nilizomzika moyoni huwezi kuniondolea."

"Siwezi, bibi."

"Mzee wa kijiji ulipomwiga, alicheka?"

"Alicheka."

"Mimi nilicheka?"

"Hapana, bibi."

"Basi ule wa mzee uite utundu. Ulionifanyia mimi utafutie jina lingine."

Nakijwa alilitafuta jina hilo mpaka akaota mvi, na kila alipotaka kufanya utundu alijiuliza kwanza kama mwenzake naye atacheka. Nanyi mjiulize hivyo. Ukijikuta unacheka peke yako, nyamaza, umtazame uliyemfanyia.

Kisa kimekaa chini, nami nimefunga mdomo. Inukeni.