Chura Alipovuliwa Kazi ya Kupima Maji

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa na nini?

Msimulizi ni wewe, tuambie.

Pakawa na mto, mto ukakauka, likabaki bwawa moja.

Hapo zamani za kale, mkuu wa bwawa hilo alikuwa Kiboko, aliyeishi humo na ukoo wake. Samaki walikuwamo. Chura alikuwamo na watoto wake, viluwiluwi ambao walikuwa hawajaota miguu. Kazi ya Chura ilikuwa moja: kila asubuhi kuzama hadi chini, kuibuka na kutoa habari ya maji. Ngozi yake nyembamba husikia kila kitu.

Siku ya kwanza akasema, "Mzee, chini kunanuka."

"Matope hunuka, mama," Kiboko akasema.

Siku ya pili akasema, "Mzee, chini hakuna pumzi. Kaa wametoka, wamepanda mawe."

"Wanaota jua."

Siku ya tatu akasema, "Mzee, watoto wangu wanatweta. Ni kinyesi chenu. Mnakula nyasi nje, mnakuja kujisaidia humu. Jisaidieni nje mpaka mvua inyeshe."



"Babu yangu alijisaidia hapa," Kiboko akasema. "Na baba yangu pia."

"Wakati wao mto ulipita, ukachukua. Sasa nani anachukua?"

Kiboko akamvua kazi. Akampa Kenge, mwenye ngozi ngumu, anayevuta pumzi juu ya maji.

Kenge akazama, akaibuka. Kiboko akamwuliza anayaonaje maji. "Maji mazuri, Mzee."

Viboko wakacheka. "Umeona, Chura? Mwenzio hana maneno."

Chura akazunguka nyika akitafuta maji mengine ya kuwahamishia watoto. Hakuyapata, akarudi.

Siku ya pili ya kazi yake Kenge akasema, "Maji mazuri, Mzee."

Siku ya tatu Kenge akamsukuma samaki mfu kwa pua ili apate njia. "Maji mazuri, Mzee."

Jua lilipofika utosini, samaki wote walikuwa wanaelea, matumbo juu. Viluwiluwi waling'ang'ania mgongo wa mama yao, kisha wakaachia, mmoja mmoja.

Kiboko akamgeukia Kenge. "Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza nayaonaje. Mimi yananifaa, Mzee. Leo nimeshiba."

"Chura," Kiboko akaita, "tufanye nini?"

Chura akamgeuzia mgongo mtupu. Hakuwa tena na cha kuomba.

Basi, wenzangu, ukimfukuza anayesikia maumivu ya maji, ukamweka asiyesikia, maji hayaponi. Unachoepuka ni kelele tu.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Mwenye kiu akanywe, ila anuse kwanza.