Ufunguo wa Jipu la Mkunga

Hapo zamani, si zamani za wafalme bali za juzi, magari yakiwa mengi na vipuri haba, palikuwa na mkunga katika milima ya Usambara, jina lake Mwanaidi. Alikuwa na gari, jipu dogo la kijani. Kwa jipu hilo aliwateremsha wajawazito kutoka vijiji vya juu hadi kituo cha afya, mvua inyeshe, ukungu utande.

Mwanaidi akaugua. Alipojua haponi, rimu za nyuma zilikuwa zimekwisha kupasuka na jipu limekaa juu ya mawe. Akamwambia mumewe, Mwalimu Shechambo, "Jipu langu usiliuze, wala usibaki nalo ukilitazama. Siku ya arobaini, ufunguo mpe yule atakayelitembeza tena. Mmoja tu, wasije wakaligombania." Kisha akafariki.

Shechambo alikuwa mwalimu wa hesabu. Magari hakuyajua, siku alijua kuzihesabu. Akapata mjini rimu mbili kuukuu, akazifunga. Ziliingia ndani mno. Tairi liligusa springi, likakataa kuzunguka. Akaenda kwa Fundi Singano, mkereza vyuma.

"Hapa panatakiwa spesa," fundi akasema. "Pete nene ya chuma, ikae nyuma ya rimu, isukume tairi nje. Ikiwa nyembamba, tairi litasugua springi. Ikizidi, litasugua bodi. Niletee unene."

"Nitaupataje?"

"Mwalimu wa hesabu ni mimi au wewe?"

Shechambo akaingiza rula, haikupita. Akaingiza kamba, ikajikunja. Jirani yake Bi Chausiku, mfinyanzi, ambaye Mwanaidi alimzalisha watoto wanne, akasimama kumtazama.

"Mwalimu, toka huko chini. Shimo usiloliona halipimwi. Hujazwa."

Akaleta udongo wake wa vyungu, akaupachika palipokaa rimu. Wakalisukuma tairi taratibu mpaka lilipoachana na springi na bodi sawasawa. Walipoliondoa, udongo ulibaki umebonyea, unene kamili.

"Mpelekee fundi leo," akasema. "Usilale nao."

Lakini fundi alikuwa amekwenda msibani. Udongo ukakaa dirishani siku tatu. Aliporudi akaupima: milimita ishirini na saba.

Fundi alikuwa na kipande cha shafti ya mashine ya mkonge, chuma kigumu kisicho na doa, alichokihifadhi miaka tisa bila kusema anakihifadhia nini. Kilitosha pete nne. Akakereza mbili. Wakazifunga. Tairi likasugua springi.

"Kipimo kibovu," fundi akasema.

"Kipimo kizima," Bi Chausiku akajibu. "Udongo umekauka. Udongo ukikauka husinyaa, kila mwenye chungu anajua."

"Wenye vyungu ni nyinyi. Sisi wanaume mmetukataza hata kusogelea mnapofinyanga. Tungejulia wapi?"

"Mdomo hatukuwakataza. Ungeuliza."

"Unasinyaa kiasi gani, mama?" Shechambo akauliza.

"Kila vidole kumi, hupotea kimoja."

Shechambo akafumba macho. Ishirini na saba ni sehemu tisa katika kumi, kila sehemu tatu. "Thelathini," akasema.

Chuma kilichobaki kilitosha pete mbili, hakikutosha kosa jingine. Fundi alikereza siku nzima. Chuma kilitoka mbele ya kisu cha mashine kama uzi, kikijisokota, kikifuka moshi, na fundi hakuwa akitazama bali akisikiliza. Alipomaliza, pete iliteleza mahali pake kama iliyozaliwa pale. Wakafunga rimu, wakaizungusha. Shechambo akashika chaki karibu na ukingo wake, upana wa unywele. Rimu ikazunguka, ikazunguka, na upenyo ule haukupanuka wala kupungua. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akichora duara ubaoni. Siku hiyo ndiyo kwanza analiona. Alitaka kumwita mtu aje kutazama, akakumbuka kuwa mtu huyo hayupo.

Walipotaka kukaza nati, bolti zilikuwa fupi. Unene wa pete ulikuwa umezimeza.

"Kereza nyingine," Shechambo akasema.

"Bolti ya tairi sikerezi. Hiyo hupikwa kiwandani. Nikikereza mimi, nitaua mtu."

Siku ya thelathini na tisa alipita Mntambo, mchuuzi wa kabichi mwenye pikapu. Akainama, akatazama bolti, akarudi kwenye pikapu yake. Akaiweka juu ya mawe, akachomoa bolti kumi ndefu.

"Na kabichi zako?" Shechambo akauliza.

"Kabichi hazina uchungu wa kuzaa, Mwalimu."

Wakafunga. Kona za mlima ule ni nyingi na bonde halina ukingo. Hakuna aliyejua kama chuma kile kingeshika. Mntambo akaingia garini peke yake, akateremka hadi kituo cha afya, akapanda tena mlima. Jipu halikugonga, halikutetema. Watu waliokuwa barabarani walisimama pembeni, kama wanaopisha jeneza, ila hili lilikuwa likirudi.

Siku ya arobaini, baada ya dua, Shechambo akawarudia watu maneno ya marehemu, na ndugu wa marehemu akasema, "Shemeji, ufunguo."

Bi Chausiku akaanza. "Kipimo nilikitoa mimi, na kilipopotea nikakirudisha. Bila kipimo chuma ni chuma tu."

"Ulijua udongo ungekauka, sababu hukuisema," fundi akasema. "Pete mbili zimekufa kwa kimya chako. Mimi nimetoa mikono, na shafti ya miaka tisa."

"Mikono iliyopima bila kuuliza?"

Mntambo akacheka kidogo. "Marehemu alisema atakayelitembeza. Kipimo hakitembei, na pete ilikuwa imekaa. Aliyelitembeza ni mimi, na pikapu yangu ndiyo iko juu ya mawe."

"Umetoa bolti kumi, unataka gari zima," fundi akasema. "Hiyo ni sadaka au biashara?"

"Siku ile ulikuwepo. Mbona hukupanda na mimi?"

Wote watatu wakamtazama Shechambo. Yeye aliyepata thelathini kutoka ishirini na saba akafumba macho tena, akayafumbua, na hesabu haikuja. Mkewe alisema mmoja.

Haya, mliosikia: Bi Chausiku aliyetoa kipimo, Singano aliyetoa mikono, Mntambo aliyetoa bolti na kuhatarisha roho yake. Je, ufunguo ule ulistahili kiganja cha nani?