Akili ya Miaka Minane

Asiyekujua hakuthamini, walisema wahenga. Wapo wanaoitumia methali hii kujiliwaza wanapodharauliwa. Mimi sina haja ya kumliwaza mtu. Nataka ijulikane jinsi Lameki wa Makambako alivyopimwa akili kwa vibao kumi na viwili, akaonekana hana.

Mwaka 1951, nchi ikiwa chini ya Mwingereza, palikuwa na kiwanda cha kupasua mbao karibu na Makambako, mali ya Bwana Hakoti. Lameki alichochea moto wa boila, tangi la mvuke lililoendesha misumeno, pale kwa miaka sita. Kabla ya hapo alikuwa manamba katika mkonge wa Tanga, na huko ndiko barua ilikomkuta kwamba mwanawe wa kiume amefariki na amekwisha kuzikwa. Aliporudi alimwapia mkewe, Telesia, kwamba mkonge hataukanyaga tena. Akalivalia njuga boila. Pampu ya maji ilipogoma, yeye ndiye aliyeifungua na kuifunga, huku fundi mwenyewe amelala chali kivulini.

Fundi huyo alipohama, kila mtu alijua nani anastahili nafasi yake. Lakini Bwana Hakoti alikuwa amesikia habari za utaalamu mpya. Akaletwa mpimaji wa akili kutoka Nairobi, na saa yake na sanduku la vibao. Atakayeshinda angekuwa fundi. Watakaoshindwa wangeachishwa kazi, eti kiwanda hakifugi wajinga.

Wakaketishwa mezani watu watatu: Lameki, mzee Methusela na Sila, kijana aliyemaliza darasa la sita. Mpimaji hakusema neno. Alionyesha kwa mikono tu jinsi vibao vinavyopangwa kwenye matundu yake, kwa sababu aliamini kwamba kimya ni haki kwa wote. Kisha akabonyeza saa.

Lameki alimaliza wa kwanza. Sasa, Mbena kama Lameki akienda mgowe, yaani kulima kwa kusaidiana, akimaliza tuta lake hasimami kujionyesha. Hugeuka akampokea aliyebaki nyuma, wakakutana katikati, ndipo wote wanyooshe migongo. Lameki alimwona Methusela amebaki nyuma. Akageuka, akaanza kumpangia kutoka upande wa pili. Sila akanyoosha mkono kuonyesha amemaliza. Saa ikaendelea kumhesabia Lameki.

"Huyu hakuelewa," mpimaji alimwambia karani wake, Dionis. "Tena anadanganya. Andika sifuri."

"Bwana, alimaliza kwanza," Dionis alisema. "Huku kwetu mtu hamwachi mwenziwe."

"Napima akili, karani. Sipimi desturi."

Dionis alizaliwa Kidugala, huko huko Ubena, amelima mgowe tangu utoto wake. Aliinamisha kichwa, akaandika sifuri. Simsamehe hata leo.

Jumamosi majibu yakasomwa mbele ya wafanyakazi na wake zao. Akili ya Lameki, Dionis alisoma, kwa sifuri aliyopata, ni sawa na ya mtoto wa miaka minane. Watu wakatazama chini. Telesia, mjamzito wa miezi mitano, akasogea hadi mezani.

"Kamwene, karani," alimwamkia, maana alilelewa vizuri. "Hebu nisomee tena."

Dionis akasoma tena, sauti ikimfifia.

"Basi mwulize bwana wako. Hii mimba nilipewa na mtoto wa miaka minane?"

Dionis hakutafsiri.

Sila akapewa ufundi, Lameki na Methusela wakaachishwa kazi, na wiki iliyofuata lilikuja lori la kuchukua manamba wa mkonge. Lameki hakuwa na pa kwenda kwingine, akatia dole gumba kwenye mkataba. Telesia hakulia. Alimbeba mgongoni binti yao, Jeni, akachukua sufuria moja, akapanda lorini kabla ya mumewe.

"Safari hii hutaletewa barua, Baba Jeni," alisema. "Lolote litakalokuja, litatukuta pamoja."

Lori lilikuwa likitaka kuondoka gari la Bwana Hakoti lilipofika mbio. Kando yake alikuwa Sila, mikono imefungwa vitambaa.

"Kaka Lameki, pampu imenishinda," Sila alisema. "Mimi nilijua kupanga vibao tu. Nimeungua."

"Shuka uitengeneze," Bwana Hakoti alisema. "Nitakulipa kibarua cha siku."

"Na ufundi?" Lameki aliuliza.

"Karatasi yako iko Nairobi. Siwezi kumpa ufundi mtu mwenye sifuri."

Lameki alimfungua Sila vitambaa, akaitazama ile mikono, akamwambia awahi hospitali Ilembula kabla haijaoza. Hasira yake haikuwa kwa kijana huyo. Kisha akamgeukia tajiri.

"Karatasi hiyo uliiamini moto ukiwaka, bwana. Iamini na sasa moto umezimika."

Akapanda. Lori likashika njia ya Iringa, na mtu aliyeapa hataukanyaga mkonge akaenda kuukata pamoja na mkewe mjamzito. Kiwanda kilikaa baridi hadi mbao zikaota uyoga. Bwana Hakoti aliishi na fundi wake wa kweli miaka sita, akamwona kila asubuhi, kisha akaagiza saa kutoka Nairobi imwambie ni mtu gani. Asiyekujua hakuthamini.