Kiti cha Mbele cha Wajane Watatu

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na wafalme, ni zamani ya juzi tu, watu walipokuwa wameshazoea kutembea na simu mkononi, palikuwa na nyumba Kariakoo iliyokaliwa na wajane watatu wa mume mmoja. Mume wao, Mzee Kibwana, alipofariki, mtaa mzima ulikaa kusubiri wanawake hao wagawane vyombo na kila mmoja arudi kwao. Mtaa ulisubiri mpaka ukachoka. Wajane walibaki palepale, wakapika chungu kimoja, wakaendesha duka moja la vitenge na mapazia, na aliyeudhika nao walimwambia apite upande wa pili wa barabara.

Wajueni basi mmoja mmoja. Wa kwanza ni Mwanahawa, bi mkubwa, huyo ndiye msafiri. Kwa miaka kumi na minane alikwenda Guangzhou, China, kununua mzigo, mara tatu kwa mwaka, akikaa mkiani mwa ndege karibu na choo, amevaa madera manne na koti la baridi juu yake ili begi lipungue uzito. Wa pili ni Sikitu, huyo ndiye wa nyumbani. Hajapanda ndege hata siku moja. Alibaki na watoto saba wa nyumba ile, na miongoni mwao Idrisa, mtoto pekee wa Mwanahawa, aliyekabidhiwa mikononi mwake akiwa na miezi minane. Wa tatu ni Zaituni, mdogo wao, aliyekata tiketi za watu kwenye ofisi moja ya safari kwa miaka tisa kabla hajaolewa. Hakujaliwa mtoto.

Mimi nitakaa karibu na Sikitu. Simpendelei, ila nimechoka na wasimulizi wanaoondoka na msafiri na kumwacha wa nyumbani jikoni.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa. Mashirika ya ndege yana desturi yao: kila ukisafiri unaandikiwa maili, na maili zikijaa unapewa safari bila kulipa nauli. Zaituni alipoolewa tu, alimwandikisha Mwanahawa na kumpa kadi yenye namba. Mwanahawa akaificha kadi chini ya godoro. "Watu hawatoi kitu bure," alisema. "Leo wananipa kadi, kesho watanidai." Kila alipofika kaunta akaulizwa kama ana namba ya uanachama, alijibu hana. Miaka ikaenda, na maili zikaenda na upepo.

Lakini kila aliporudi, Sikitu ndiye aliyefua lile koti. Na kila alipolifua, mfukoni alikuta kishina cha kadi ya kupandia ndege. Hakuelewa Kiingereza kilichoandikwa pale. Alichokitambua ni jina la mke mwenzake, na kwao Handeni alilelewa akijua kwamba karatasi yenye jina la mtu haitupwi jalalani, isije ikaokotwa na mwenye nia mbaya. Akaviweka vishina ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga. Akaweka cha mwaka huu, akaweka cha mwaka ule, kopo likajaa, akaleta jingine.

Siku moja Zaituni alitafuta maziwa akafungua kopo.

"Dada Sikitu, hivi vya nini?"

"Ni jina la mtu hilo. Viache."

Zaituni alicheka, kisha akaacha kucheka. Mwaka huo shirika lilikuwa limetangaza kwamba mwanachama mwenye vishina vya zamani avipeleke, ataandikiwa alichokosa. Zaituni akapeleka barua. Wakamkatalia, akaandika tena. Wakamwambia vishina vimefifia, akavipiga picha juani na kuandika tena. Wakamwambia jina limekosewa herufi, akapeleka nakala ya pasipoti na kuandika tena. Miezi mitano aliandika, mpaka huko ofisini kwao nadhani walikuwa wakiliona jina lake wanasonya. Mwezi wa sita maili zikaingia zote.

Zilitosha mtu mmoja, daraja la biashara, kule mbele ambako kiti kinalala kama kitanda. Na Zaituni, aliyezijua kanuni kuliko walioziandika, aliipanga safari kwa namna ambayo maili zilezile zinamshusha msafiri miji mitatu, akae siku anazotaka, kisha arudi. Jeddah, kwa ajili ya umra. Istanbul, ambako Idrisa alikuwa anamaliza chuo na amepewa nafasi moja tu ya kumleta mzazi kwenye mahafali. Guangzhou, halafu nyumbani.

Mtu mmoja, nasema. Na haikuwa jambo la kusema mwakani atakwenda mwingine. Maili zile zilikuwa zinafutwa mwisho wa mwezi. Mwanahawa alishastaafu, magoti yamekwisha, mzigo wa duka siku hizi ulikuwa ukiagizwa kwa simu. Hakuna mwingine ambaye angekaa tena mkiani miaka kumi na minane ili kupata kiti kingine cha mbele.

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, Zaituni aliweka simu katikati ya meza.

"Kiti nimekishikilia mpaka saa kumi na moja jioni," alisema. "Ikipita hapo kinakwenda kwa mwingine. Na jina likishaandikwa halibadilishwi."

"Andika Mwanahawa binti Selemani," akasema bi mkubwa, kwa sauti ya mtu anayeomba apewe chumvi.

Sikitu alikuwa anakusanya sahani. Alizirudisha mezani.

"Subiri," alisema.

Akaingia chumbani, akatoka na kitabu kidogo kipya, akakiweka kando ya simu. Ilikuwa pasipoti. Mwezi mzima nyuma aliaga kwamba anakwenda kliniki ya macho, akaenda uhamiaji peke yake, akapanga foleni, akapigwa picha, akarudi akapika.

Mwanahawa aliitazama pasipoti, akamtazama mwenye nayo.

"Mke mwenzangu, unataka kwenda wapi?"

"Huko huko unakotaka kwenda wewe."

"Sikitu, maili zile ni zangu. Ni mwili wangu uliokaa pale. Saa kumi na saba nimekunja miguu, mtu anafungua mlango wa choo usoni pangu, nimevaa nguo za kuuza mpaka jasho linanitiririka. Shirika linaandika maili kwa aliyekaa. Na mtoto ni wangu. Mnakumbuka alivyokuwa akiniita Mama Chaina? Nyinyi mlicheka, nami nikacheka na nyinyi. Halafu nikaingia kuoga ili nipate pa kulia. Nimemsomesha kwa magoti haya. Nataka mara moja tu nifike alipo bila haraka, bila mzigo, nimekaa kama mtu. Na Guangzhou nataka niingie mikono mitupu, ninywe chai, nitoke. Niondoeni mimi, kiti hicho hakipo."

Sikitu aliyasikia yote hayo na hakuna hata moja aliloliona uongo. Hilo ndilo lililomkasirisha zaidi. Maisha yake yote mwenzake alikuwa na maumivu ya kusimulia, na yeye alikuwa na sahani za kuosha.

"Bi mkubwa, nani aliwahi kuniuliza kama nataka kwenda mimi, wewe ubaki?" alisema. "Hakuna. Uliondoka kwa sababu nilibaki. Idrisa aliugua surua nikiwa naye, alivunjika mkono nikiwa naye, alifeli hesabu nikakaa naye kizani umeme umekatika. Kila ulipopanda ndege, mimi nilipanda zamu. Na vishina ulivisahau wewe, mwenye mwili wako. Vingeachwa kwenye mfuko wa koti lako, leo usingekuwa na maili hata moja. Kila safari unarudi unaniletea kitenge na kuniambia asante. Kabati limejaa asante. Leo sitaki kitenge. Niondoeni mimi, kiti hicho hakipo."

Mwanahawa alifungua mdomo kujibu, lakini aliyesema ni Zaituni, na hakuinua macho kutoka kwenye simu.

"Mnaniambia andika, andika, kama karani. Hakuna aliyeniuliza kama na mimi nina jina. Kukaa ulikaa, dada, na kadi ukailalia chini ya godoro. Kutunza ulitunza, dada, lakini ulitunza karatasi, hukujua ni kitu gani. Nani aliyezigeuza takataka zile kuwa safari? Miaka tisa niliwakatia watu tiketi za mbele. Nilikuwa nawaambia kiti kinalala kama kitanda, na sijakiona kikilala. Mimi sina mtoto Istanbul. Magoti hayaniumi. Ndiyo maana katika nyumba hii zamu yangu huwa inafuata, na haifiki. Niondoeni mimi, kiti hicho hakipo."

Sikitu alimgeukia kwa mshangao. Alikuwa amejiandaa kupigana na mmoja, sasa walikuwa wawili, na huyu wa pili alimpenda kama mdogo wake wa tumbo moja.

Katikati ya hayo alipiga hodi Bwana Mfaume, ndugu wa marehemu, aliyekuwa amepata habari kwa majirani. Alikaa bila kukaribishwa, akakohoa kidogo.

"Shemeji zangu, nasikia kuna kiti cha heshima," alisema. "Nauli ya kwanza kabisa ya China aliitoa marehemu kaka yangu. Kwa hiyo kiti ni cha ukoo, na ukoo una wanaume. Mimi nikienda, hakuna atakayemwonea mwenzake wivu."

"Shemeji, wewe ulikaa wapi?" Sikitu alimwuliza. "Mkiani au jikoni?"

"Mimi nazungumza habari za marehemu."

"Basi nenda kamwulize marehemu."

Mwanahawa alimfungulia mlango, Zaituni akampa viatu vyake. Kwa dakika moja wanawake watatu walisimama pamoja wakimwangalia akishika njia, na mtu angeweza kudhani ugomvi umekwisha. Walirudi mezani, kila mmoja kwenye kiti chake kilekile.

Wakampigia Idrisa. Sikitu hakutaka apigiwe, maana alimjua. Simu iliwekwa sauti ya juu.

"Mwanangu," Mwanahawa alisema, "nafasi ni moja. Unataka aje nani?"

Huko Istanbul ukasikika mlango ukifungwa.

"Mama zangu," Idrisa alisema, "yeyote atakayekuja nitampokea."

"Huyo nimemlea vibaya," alisema Sikitu, akakata simu.

Ilikuwa imebaki nusu saa. Zaituni akasema kuna njia nyingine, ingawa alisema kwa shingo upande. Maili zilezile, wakiacha mbele na kuacha ile miji mingine, zingetosha tiketi tatu za mkiani mpaka Jeddah na kurudi. Wote watatu wangekwenda. Istanbul hawangefika, lakini hakuna ambaye angebaki nyumbani.

"Mkiani sirudi," alisema Mwanahawa. "Hata nikiambiwa ni bure. Hata nikiambiwa ni pamoja nanyi."

Wakamtazama Sikitu. Ambaye hajawahi kupanda ndege, wakadhani, atakubali kiti chochote. Naye alijua wanadhani hivyo. Aliwaza juu ya Jeddah, akaitamani kwa kweli. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Miaka yote ilikuwa rahisi kusema ndiyo.

"Nyuma nimekaa maisha yangu yote bila kupanda ndege," alisema. "Nikipanda, nakaa mbele. Au sipandi."

"Na mimi sikuandika barua miezi mitano ili nipate kiti cha karibu na choo," alisema Zaituni.

Basi, hapo ndipo walipofika. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeondoka mezani. Pasipoti zilikuwa tatu sasa, wale wengine nao wameshaleta zao, zimepangwa kando ya simu, na kwenye kioo chake palikuwa na nafasi nyeupe iliyosubiri jina. Mwanahawa alikuwa anakanda goti lake. Zaituni alikuwa ameshika simu na akiwa peke yake angeweza kuandika lolote, na hakuandika. Sikitu alijua kwamba akinyoosha mkono tu na kurudisha pasipoti yake chumbani, wenzake watapumua, watamshukuru, na jioni watakula pamoja kama kawaida. Aliunyoosha mkono. Akaisogeza pasipoti karibu zaidi na simu.

Ilikuwa saa kumi na dakika hamsini.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza. Msiniambie wagawane, kiti hakikatwi vipande. Msiniambie wapige kura, kila mmoja atajichagua. Msiniambie mkubwa apishwe kwa ukubwa wake wala mdogo asubiri kwa udogo wake, hayo wameshaambiana tangu siku walipoolewa. Na msiniambie waende mkiani, mmewasikia wenyewe.

Mmoja alikaa. Mmoja alitunza. Mmoja aliandika. Mwondoe yeyote kati yao, na kiti hakipo. Dakika kumi zimebaki, na nafasi ni ya jina moja. Kama simu ile ingekuwa mkononi mwako, je, ungeandika jina la nani, na wale wawili ungewatazamaje usoni?